BUSTANI YETU: Mwasumini Hautaki Huruma

Juma lililopita tulizungumza juu ya minazi. Juma hili naomba tuutazame mti mdogo ukaao mlangoni, yaani mwasumini. Huenda mkulima wa mihogo akauliza, "Maua yataniletea nini?" Basi na anisikilize.

Jirani yangu wa Likoni, mama mtu mzima aliyefiwa na mumewe, ana miasumini minne katika madebe. Kwa maua yake hutunga makoja na vikuba, na fedha apatazo humsaidia kumsomesha mjukuu wake. Lakini mwaka mzima miti ile ilitoa majani matupu. Watu wakamwambia ni husuda. Mimi nami, kwa kujifanya mjuzi, nikamshauri aongeze samadi na maji. Majani yakazidi kunawiri. Ua halikuonekana hata moja.

Jumapili moja nilikaa barazani kwake tangu saa tatu asubuhi hata saa tisa. Nikaona kuwa asubuhi ghorofa mpya iliyojengwa upande wa mashariki huziba jua, na baada ya adhuhuri paa la nyumba yake mwenyewe huziba lililobaki. Hapakuwa na jicho baya. Palikuwa na kivuli, na shauri langu lilikuwa limezidisha ubaya.

Haya ndiyo tuliyoyafanya. Kwanza, tuliyahamisha madebe nyuma ya nyumba, mahali papatapo jua kwa saa sita au zaidi kila siku.

Pili, tuliikata miti. Maua ya mwasumini hutoka katika vichipukizi vipya, wala si katika matawi makuukuu. Huko Madurai, India ya Kusini, panaposifika kwa asumini, wakulima huikata miti yao kila mwaka mpaka ibaki kama nusu mita kutoka ardhini. Mama alipouona mkasi alisema, "Mwanangu, wataka kuniulia miti yangu?" Nilimsihi anipe mmoja wa kujaribia, siku ya pili akaniruhusu mitatu iliyosalia.

Tatu, tuliiacha ione kiu kidogo. Tulitia maji pale tu udongo wa juu ulipokauka kiasi cha kidole kimoja, na matundu ya chini ya madebe tukayazibua. Vichipukizi vilipotokea, tukarudia kumwagilia vizuri.

Nne, samadi tuliipunguza. Samadi nyingi hulisha majani, na mti ulioshiba majani husahau kuchanua.

Juma la saba, vitumba vyeupe vilionekana. Mama hakusema neno. Aliniletea kikuba kimoja, cha asumini na mrehani, akasema nimpelekee mke wangu.

Nanyi mkaao Kisauni na Changamwe katika vyumba vya kupanga, msiseme hamna shamba. Debe moja na jua vyatosha. Mtakaye maua kwa ajili ya Idi, kumbukeni kwamba Idi hufuata mwezi, na kila mwaka hutangulia kwa siku kumi na moja hivi. Hesabuni miezi miwili kurudi nyuma, ndipo mkate matawi. Arusi nayo ihesabiwe vivyo hivyo. Na mnapochuma, chumeni alasiri, vitumba vikiwa vimejaa lakini havijafunguka, kwa kuwa asumini hufunguka jua lichwapo, na kesho yake uzuri wake umekwisha.

Wazee walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mti huu nao ni hivyo hivyo: uacheni juani ufanye kazi yake, nasi tutakaa kivulini tukinusa harufu yake. Na yeyote ajengaye ghorofa, kabla ya kupandisha ukuta, na atazame kwanza jua la jirani yake linapita wapi.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya ndimu.