Daktari anajilipia nauli ili apige fidla. Hela ya tiketi je?

World Doctors Orchestra ni okestra ya madaktari. Ilianzishwa mwaka 2007 mjini Berlin, Ujerumani, na Profesa Stefan Willich, daktari ambaye pia ndiye anayeiongoza jukwaani.

Mara kadhaa kwa mwaka, takriban madaktari 100 kutoka nchi mbalimbali hukutana katika mji mmoja. Wanafanya mazoezi siku chache tu, kisha wanapiga muziki wa klasiki mbele ya watu. Hawalipwi. Nauli na malazi kila mtu anajigharamia, na mapato ya tamasha yanakwenda kwenye miradi ya afya.

Sasa wengine watauliza: si bora wangetuma hiyo nauli moja kwa moja kwa wagonjwa?

Swali ni la haki, lakini hesabu yake haijakamilika. Bila okestra, nauli ile huenda ingeishia kwenye likizo ya kawaida. Na mtu aliyekuja kusikiliza Beethoven pengine asingetoa hata senti kwa zahanati asiyoijua.

Ila mtego upo. Kodi ya ukumbi, matangazo na usafirishaji wa vyombo vikipanda bei, ukumbi unaweza kujaa na mgonjwa akaambulia patupu.

Kwa hiyo tamasha la hisani halipimwi kwa makofi. Ukiuziwa tiketi yake, popote ulipo, usione haya kuuliza: katika hela hii, ngapi itamfikia mgonjwa?