Kelele si nguvu: acheni kuniagiza heda!

Leo sina habari za misiba wala harusi za Wabongo wa huku. Leo nina ugomvi.

Tangu niweke hapa picha za pikapu yangu, Chevrolet C10 ya mwaka 1972, simu zenu zimegeuka kuwa oda. Kinara ni mpwa wangu: "Anko, tutumie heda tufunge kwenye Datsun ya mama, iungurume kama za Texas." Na wenzake watatu nao wanataka. Jibu langu ni HAPANA. Naeleza sababu hadharani, asije mtu kusema Anko wa Marekani amekuwa mchoyo.

Kwa msiojua, moshi ukitoka kwenye injini hupokelewa kwanza na menifoldi, lile dude zito la chuma cha kuyeyusha. Heda ni mabomba membamba yanayofungwa mahali pake, kila silinda na bomba lake, halafu yote yanakutana mbele kwenye bomba moja nene. Urefu wake ukipimwa vizuri, moshi wa silinda moja ukipita kwa kasi huacha mvuto nyuma yake, na mvuto huo husaidia kunyonya moshi wa silinda inayofuata. Injini inapumua kwa urahisi. Hiyo ni fizikia, si uchawi, na sibishani nayo.

Ninachobishia ni ile imani kwamba ukifunga tu heda gari linakuwa simba. Jamani! Ukiweka heda halafu nyuma ukaacha bomba jembamba na sailensa ileile ya zamani, ni sawa na kupanua barabara ya Morogoro njia nane hadi Ubungo, halafu magari yote yaingie kichochoro cha Manzese. Umepanua nini hapo? Tena moshi ukitoka kwa wepesi zaidi, hewa inayoingia nayo hubadilika, na kabureta mara nyingi hutaka jeti nyingine. Usipoigusa, injini inaweza kukosa petroli ya kutosha ikachemka na kukohoa. Hapo ndipo kijana anaposema "inaunguruma", kumbe inalalamika.

Mtaniambia: "Mbona Wazungu wanafunga?" Ni kweli, wanafunga. Nendeni Conroe, kaskazini mwa Houston, kwenye maonyesho ya Lone Star Throwdown, mtaona pikapu za kale zimeng'arishwa mpaka unajiona sura kwenye boneti. Lakini mwulize mwenye gari. Hakufunga heda peke yake. Amebadilisha kamshafti, kabureta, na mabomba mawili mpaka nyuma. Injini yake ni V8 ya lita 5.7. Akikosea kipimo, duka linampokelea mzigo na kumletea mwingine mlangoni. Na la muhimu kuliko yote: Jumatatu anakwenda kazini na gari JINGINE. Ile ya maonyesho ni mwanasesere wa mtu mzima. Wala simlaumu, pesa ni zake.

Sasa rudini kwenye Datsun 1200 ya dada yangu. Injini yake ni ya cc 1,171, silinda nne. Inashusha mboga kutoka Mgeta mpaka sokoni Morogoro, kwenye ile miteremko ya Uluguru mnayoijua. Hiyo gari si mwanasesere, ni ada za shule, ni dawa za bibi. Ikilala gereji siku tatu, karoti na kabichi zinaoza. Mnataka niichezee kwa ajili ya mlio?

Na kazi yenyewe si ya kufungua bolti mbili ukaenda kunywa soda. Bolti za menifoldi zilizokaa miaka hamsini kwenye joto hukatikia ndani ya silinda hedi. Hapo ujiandae kutoboa kwa drili, au kushusha hedi nzima. Heda za bei rahisi zina bati jembamba linalopinda kwa joto, gasketi zinavuja, na bolti hulegea, kwa hiyo baada ya safari za mwanzo lazima uzikaze tena na tena. Joto lake likikaribia waya za plagi linazikaanga. Kwa Datsun hiyo ni balaa zaidi, maana kabureta iko upande uleule wa menifoldi, juu yake kabisa. Halafu unyevu: Houston nimeziona heda zisizopakwa kinga zikiwa na kutu nyekundu kama udongo wa Moshi. Mgeta kwenye ukungu zitadumu?

Lakini linaloniogopesha hasa ni gasketi inayovuja. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Sakafu ya Datsun ile ina matundu mpaka unaona barabara. Moshi ukivuja mbele, unaingia ndani, na ndani kuna dada yangu na watoto. Nani atabeba lawama hiyo? Muuza heda?

Tena msidhani Texas kila mtu anapiga kelele anavyotaka. Magari ya petroli yenye umri wa miaka 2 hadi 24 katika kaunti kama Dallas, Tarrant na Harris lazima yapimwe moshi. La kwangu limesamehewa kipimo kwa sababu ya uzee, lakini sheria ya sailensa haijasamehe mzee wala kijana: gari lazima liwe nayo, inayofanya kazi. Sasa nyie vijana wa Dar mnaotoa sailensa na kuuza masega ya gari halafu mnasema mnaiga Marekani, mnaiga Marekani ipi?

C10 yangu ina menifoldi zake za chuma mpaka leo. Wenzangu kazini wananicheka kila wiki. Wacheke. Inawaka asubuhi, inabeba, haininyimi usingizi.

Mpwa wangu, nisikilize. Ukitaka Datsun iwe na nguvu, mwite fundi apime kompresheni ya kila silinda. Aseti valvu. Asafishe kabureta, abadilishe plagi na pointi, arekebishe taimingi. Gari likishakuwa mzee, nguvu nyingi huwa zimepotelea humo. Halafu breki! Mteremko wa Mgeta hauulizi gari lako linaunguruma vipi, unauliza kama linasimama.

Kwa hiyo seti ya heda, ambayo ina bei yake hata kabla ya usafiri na ushuru, sitatuma. Pesa hiyo nitaituma kwa dada, jina lake, si lako, kwa ajili ya viatu vya breki, silinda za breki na mabati ya kuziba sakafu. Risiti nataka kuziona.

Mkinuna, nuneni. Naomba kutoa hoja.

Mbeba boksi wenu,
Fort Worth, Texas