Sindano ya "Kusafisha Ini"

Siku hizi akina mama na vijana huniuliza habari za sindano ya glutathioni. Huuzwa kwa sifa mbili: eti hung'arisha ngozi na husafisha ini. Kwa maoni yangu, mtu mwenye afya haihitaji kabisa.

Glutathioni hutengenezwa na ini lenyewe, kutokana na protini tunayokula katika maharage, mayai na dagaa. Kazi yake ni kuvunja makali ya sumu. Mtu akimeza parasetamoli kupita kiasi, akiba hiyo huisha na ini huanza kuharibika. Hapo hospitali humpa asetilisisteini ili ini litengeneze tena glutathioni yake. Hiyo ni tiba. Kudungwa saluni ni jambo jingine.

Tena mimi naogopa sindano yenyewe kuliko kilichomo. Virusi vya homa ya ini B na C hupita katika damu, na sindano moja ikitumiwa kwa watu wawili yatosha. Aina B ikikaa miaka mingi yaweza kuleta kusinyaa kwa ini, hata saratani. Basi umelipa fedha kulisafisha ini, ukarudi nyumbani na ugonjwa wa ini!

Sindano ninayoipenda ni chanjo ya homa ya ini B. Hapa Tanzania iliingia katika chanjo za watoto mwaka 2002. Siku hizi hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, kapime damu kwanza. Ukikutwa huna virusi, uliza chanjo ya watu wazima, dozi tatu.