TAHARIRI: Chujio la Dola na Ulinzi wa Majumbani Mwetu

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na wote waliowafuata kwa wema.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, mara kwa mara husikika misikitini ombi la kuitaka serikali iziamuru kampuni za intaneti kuchuja uchafu kabla haujawafikia watoto wetu. Ombi hili lina msingi. Muumini ameamrishwa kuinamisha macho yake na kuhifadhi tupu yake (An-Nuur, aya ya 30). Hakuna mzazi mwenye imani anayeridhia mwanawe alelewe na picha za zinaa. Lakini kabla ya kuomba jambo, inatupasa kutazama pale lilipokwisha kufanywa. Pakistan, nchi ya Waislamu zaidi ya milioni 200, imelifanya kwa miaka mingi, na ina mafunzo kwetu.

Tarehe 22 Februari 2008, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo iliziagiza kampuni za intaneti kuufunga mtandao wa YouTube kwa sababu ya maudhui yenye kuukashifu Uislamu. Siku mbili baadaye, kampuni ya Pakistan Telecom ilitekeleza kwa kutangaza katika mitambo yake kwamba anwani 256 za YouTube zinapatikana kupitia kwake, ili kila mwenye kuzitafuta aishie hapo. Tangazo hilo lilikusudiwa kubaki ndani ya nchi. Likavuka mpaka na kuifikia kampuni ya PCCW ya Hong Kong, nayo ikalisambaza pasi na kulihakiki. Mitambo ya intaneti hufuata tangazo lililo mahususi zaidi. YouTube ilikuwa imetangaza fungu la anwani 1,024, na Pakistan Telecom ikatangaza fungu dogo lililo ndani ya hilo. Basi dunia ikafuata njia ya Pakistan, na kwa muda wa takriban saa mbili YouTube ikatoweka kwa watu wengi ulimwenguni. Amri iliyotolewa kwa ajili ya nchi moja ikawagusa watu wa mabara yote, na kampuni iliyotii ndiyo iliyobeba fedheha.

Mwezi Novemba 2011, kampuni za simu za nchi hiyo zilipelekewa orodha ya maneno zaidi ya 1,000 ya Kiingereza na zaidi ya 500 ya Kiurdu, zikaamriwa kuzuia kila ujumbe mfupi wenye mojawapo ya maneno hayo. Katika orodha hiyo lilikuwemo hata jina la Yesu Kristo, yaani jina ambalo Wakristo wa nchi hiyo humtajia Nabii Isa (a.s.) katika salamu na dua zao. Malalamiko yalipozidi, mamlaka ikarudi nyuma. Kasoro yenyewe ilikuwa wazi: mashine inayolinganisha herufi haijui nia. Haimtenganishi mwenye kutukana na mwenye kuonya, wala daktari na mzinifu.

Mwezi Septemba 2012, YouTube ilifungwa tena kwa sababu ya filamu iliyomdhalilisha Mtume (s.a.w.), na haikufunguliwa hadi Januari 2016. Ghadhabu ya Waislamu ilikuwa ya haki. Lakini katika miaka hiyo zaidi ya mitatu, darsa za Qur'ani na mawaidha ya masheikh vilifungwa pamoja na filamu ile, ilhali vijana wenye ujuzi walipita njia za pembeni na kuona walichokitaka. Mwezi Februari 2023 ilikuwa zamu ya kamusi elezo ya Wikipedia. Ilifungwa yote kwa sababu ya baadhi ya kurasa zake, kisha ikafunguliwa baada ya siku chache kwa amri ya waziri mkuu. Leo tovuti nyingi husafirisha kurasa zake kwa maandishi ya siri. Mtoa huduma huiona tovuti, haioni kurasa. Akiamriwa kufunga ukurasa mmoja wa tovuti kama hiyo, mara nyingi hana ila kuifunga tovuti nzima.

Mwezi Agosti 2024, chama cha watoa huduma za intaneti cha Pakistan kilisema kasi imeshuka kwa asilimia 30 hadi 40. Serikali ilikanusha kwamba imeipunguza. Mteja hakwenda kumlalamikia waziri. Alikwenda kwa kampuni aliyoilipa. Mwezi Novemba mwaka huo, mwenyekiti wa Baraza la Itikadi ya Kiislamu la nchi hiyo alitoa tamko kwamba kutumia VPN, yaani njia ya siri ya kupita vizuizi, ni kinyume cha sharia. Baada ya siku chache akaeleza kwamba tamko lilikuwa na kosa la uandishi. Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa wanazuoni: dini kuitwa itie muhuri juu ya kufuli la serikali, kisha hukumu ya halali na haramu ikageuka kwa kusahauliwa neno moja.

Mambo haya hayako mbali nasi. Mwezi Oktoba 2023, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania iliwataka watumiaji wa VPN wajisajili. Mwezi Mei 2025, mtandao wa X ulifungwa nchini humo, na serikali ikataja maudhui ya ngono. Muislamu anaweza kusema alhamdulillahi uchafu umezuiwa. Lakini ajiulize: kufuli linalofunga picha chafu leo, ni nani atakayelizuia lisifunge khutba ya kukemea dhulma kesho? Sisi tulio na daawa ya islahi tuna sababu zaidi ya wengine kuuliza swali hili.

Basi msimamo wetu ni huu. Uchafu wa zinaa na unyanyasaji wa watoto uzuiwe, lakini kwa sheria iliyo wazi, kwa amri ya maandishi inayotaja kinachofungwa na sababu yake, na kwa haki ya kukata rufaa mahakamani. Watoa huduma wapewe muda na maelekezo ya kiufundi, wala wasigeuzwe majasusi wa wateja wao, kwani Allah (s.w.) ametukataza kupelelezana (Al-Hujuraat, aya ya 12).

La mwisho ndilo la kwanza kwa uzito. Amri ya kuziokoa nafsi zetu na watu wa nyumbani kwetu kutokana na Moto (At-Tahriim, aya ya 6) imeelekezwa kwa waumini. Haikuelekezwa kwa kampuni ya simu. Simu ya mtoto itumiwe sebuleni, mbele ya wazazi. Mwenye intaneti nyumbani amwombe fundi aweke katika mtambo wake anwani ya 1.1.1.3 ya kampuni ya Cloudflare, ambayo tangu 2020 huzuia tovuti nyingi za ngono bila malipo. Maimamu watenge darsa kwa wazazi juu ya jambo hili. Na juu ya yote, tumfundishe mtoto kwamba Allah anamuona mahali ambapo baba na serikali hawamuoni. Chujio hilo likikaa moyoni, hakuna VPN ya kulipita.

Wabillahi tawfiiq.