Siku Tamu Baharini Ni Ile Meli Haifiki Popote

Siku tamu kuliko zote kwenye meli ya kitalii ni ile ambayo meli haifiki popote. Hakuna bandari, hakuna Fort Jesus, hakuna basi la kuwapeleka watu Haller Park kumwangalia kiboko. Ni maji asubuhi, maji mchana, maji jioni. Wenyewe wanaziita siku za bahari, na abiria wengi wageni huzihesabu kama muda uliopotea, kama pale basi linaposimama Mtito Andei mkisubiri dereva amalize chai yake. Mimi naona kinyume. Hizo ndizo safari yenyewe, bandari ni vituo vya njiani tu. Na nayasema haya nikiwa mtu wa Likoni, mtaa ambao kila mtu anavuka bahari na karibu hakuna anayeifurahia.

Najua mshaanza kucheka. "Wewe na meli ya kitalii wapi na wapi?" Haya, chekeni, mkimaliza tuendelee.

Chukua safari ya kutoka Shelisheli kuja kwetu. Kutoka Mahé mpaka Mombasa ni kama kilomita 1,750. Meli kubwa ikienda mwendo wake wa kawaida, tuseme kilomita 33 kwa saa, hizo ni saa 53. Siku mbili na ushee, katikati hakuna kitu. Hakuna kisiwa cha kupigia picha, hakuna duka la vinyago. Halafu kuna kitu nakipenda sana kwenye njia hiyo: Shelisheli wako mbele yetu kwa saa moja, kwa hivyo mahali fulani katikati ya bahari saa zinarudishwa nyuma na kila mtu anapewa saa moja ya bure. Saa nzima bana, huna pa kwenda nayo, huna foleni ya kuipotezea. Sisi hapa kivukoni saa kama hiyo tunaipoteza kila jioni na hakuna anayeturudishia.

Watu hufanya nini siku hizo? Wanalala mpaka wachoke. Wanaogelea kwenye bwawa lililo juu ya bahari (hii huwa inanichekesha, maji juu ya maji). Wanacheza karata, wanaangalia michezo ya jukwaani, wanakula, wanakula tena. Lakini kila ninayemsikia akisimulia vizuri hasimulii bwawa. Anasimulia kusimama kwenye sitaha jioni akiangalia mstari wa mwisho wa maji, hafanyi chochote, mpaka akasahau simu ameiacha wapi.

Na hapo kwenye simu ndipo pana vita. Zamani intaneti ya melini ilikuwa ghali na mbovu, watu wakanyamaza kwa lazima. Mwaka wa 2022 Royal Caribbean wakatangaza kuweka Starlink kwenye meli zao, kampuni nyingine zikafuata, na sasa mtu yuko katikati ya Bahari ya Hindi anabishana na mtu wa Ohio kuhusu mpira. Riziki yangu mimi iko kwenye bando, kwa hivyo siwezi kuitukana intaneti hadharani. Lakini siku ya bahari yenye mtandao wa kasi ni siku ya kawaida iliyojaa maji pembeni.

Sasa tuje nyumbani. Meli ya kitalii ikiingia Mombasa, sisi tunaijua kabla ya mtu yeyote, kwa sababu inapita mbele ya pua zetu. Mkondo wa kuingia Kilindini ndio huohuo feri zinaoukata. Meli ikipita, feri inasubiri. Watu wanaanza kunung'unika, mama mwenye beseni la samaki anaangalia jua, mtu wa bodaboda anazima injini. Halafu lile jumba jeupe linateleza taratibu, roshani juu ya roshani, na kule juu watu wadogo wanatupungia mikono. Nusu yetu tunapunga, nusu tunarekodi. Ng'ambo ya pili, pale Mama Ngina, watu wanaacha muhogo wao nusu na kusimama. Dakika chache, keshapita.

Kesho yake habari ni zilezile: watalii wangapi wameshuka, magari mangapi ya safari yamepata kazi. Mwanzoni mwa 2024 ilipokuja Norwegian Dawn, meli ya kubeba abiria zaidi ya 2,000, mji mzima ulikuwa unapiga hesabu. Sipingi hesabu, watu wa Mji Mkongwe wanakula kwa hesabu hizo. Na tumeshaona zikikatika. Novemba 2005 maharamia waliishambulia Seabourn Spirit nje ya Somalia ikiwa njiani kuja Mombasa, ikageuza kwenda Shelisheli, na miaka iliyofuata meli nyingi zikatukimbia. Lakini angalieni tunavyoongea: abiria kwetu anaanza kuwa mtu akishakanyaga gati. Zile siku mbili alizokaa majini, zilizomleta akiwa amelainika na mwenye furaha, hatuna hata neno la kuziongelea.

Hiyohiyo Norwegian Dawn, kwa taarifa yenu, mwezi wa Februari mwaka huohuo ilizuiwa kuingia Port Louis, Morisi, kwa hofu ya kipindupindu. Baadhi ya abiria walikuwa wanaumwa matumbo. Vipimo vikaonyesha si kipindupindu na watu wakashuka, lakini kabla ya hapo walipewa siku za bahari ambazo hawakuziomba. Kwa hivyo sisemi kila saa majini ni asali.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba hii elimu ya kukaa baharini siku nyingi ilikuwa yetu. Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi, yakashusha tende na samaki wakavu, yakasubiri upepo ugeuke, yakaondoka na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Wiki kwa wiki majini, watu wanapika, wanaimba, wanashona tanga, wanasimuliana uongo mtamu. Meli za kitalii nazo huja miezi hiyohiyo ya kaskazi, zikikimbia baridi ya Ulaya. Na mpaka miaka ya 1970 palikuwa na meli za abiria kama Karanja zikienda Bombay kupitia Shelisheli, na kurudi mpaka Durban. Kuna wazee mjini hapa bado wanazo hadithi za sitaha ya Karanja. Waulizeni kabla hawajatutoka. Sisi wajukuu tumebakiwa na mita 500 za feri.

Lakini ngoja, kuna upande mwingine siwezi kuuruka.

Kakangu, mtoto wa mamangu mkubwa, anafanya kazi kwenye meli ya kitalii, sehemu ya mikahawa. Siitaji kampuni. Nilipomwandikia kuwa natunga kitu kuhusu uzuri wa siku za bahari alinitumia sauti ya dakika nne, na dakika ya kwanza yote ni kicheko. Aliniambia hivi: siku ya bandari abiria wanashuka, meli inapumua, na yeye anaweza hata kupata saa mbili za kutoka nje kununua sabuni na kupiga simu. Siku ya bahari hakuna anayeshuka. Watu elfu mbili na zaidi wako ndani, wote wana njaa, wote wana muda. Kiamshakinywa kinagusana na chakula cha mchana, na mchana unagusana na keki za saa kumi. "Nyinyi mnaona mstari wa bahari," akasema, "mimi naona mstari wa sahani." Bahari yenyewe anaweza kumaliza siku tatu hajaiona, chumba chake hakina dirisha.

Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa 2006, ambao Kenya imeuridhia, unataka baharia apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24. Pigeni hesabu wenyewe: zinabaki saa 14. Na mikataba ya kazi hizi inakwenda miezi sita, minane, tisa. Vijana wengi wa Pwani wanaitamani kazi hiyo na mimi siwakatazi, mshahara unajenga nyumba Shika Adabu na kusomesha wadogo. Ila ikitokea wakala anakudai pesa nyingi kabla hata hujaona barua ya kazi, kimbia.

Kwa hivyo starehe ya siku ya bahari ya mtu mmoja ni siku nzito kabisa ya mwingine. Nimelifikiria hili sana, na bado sijaacha msimamo wangu. Kinachoniuma si kwamba mtalii anapumzika. Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa Likoni anapata njia mbili tu za kuikaribia bahari: kuivuka mbio akienda kazini, au kuitumikia. Ya tatu, ya kukaa nayo bila sababu, tumeiacha iwe ya wageni.

Sababu nyingine ni hofu, na hofu yetu ina tarehe. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama, wakafa watu 272. Kuna nyumba Mtongwe ambazo bado hazijakaa sawa. Tarehe 29 Septemba 2019 gari likateleza kutoka kwenye feri likiwa na mama na mtoto wake, na nchi nzima ikakaa karibu wiki mbili ikisubiri miili itolewe. Wazanzibari nao wana Spice Islander ya Septemba 2011, njia ya Pemba. Mama akikwambia usicheze na maji hakutishi, anakumbuka. Halafu kuna uchovu tu. Zaidi ya watu 300,000 kwa siku wanavuka hapa, ukisukumwa asubuhi na jioni kwa miaka kumi, neno "bahari" linakuwa na harufu ya jasho la watu na moshi wa lori. Nani ataiita hiyo starehe?

Mimi nilionja kidogo. Mwaka jana tulikuwa wanne, tukapanda matatu mpaka Lungalunga, tukavuka Horohoro, tukalala Tanga, kesho yake tukapanda meli ya kwenda Pemba. Si meli ya bwawa hiyo. Ni ya watu, magunia, kuku na watoto wanaotapika. Mkondo wa Pemba haubembelezi mtu. Bibi mmoja alitupa ndimu tukawa tunanusa njia nzima. Lakini ilifika saa moja hivi, bara limeshapotea nyuma na Pemba haijatokea mbele, watu wote wakanyamaza. Nilikuwa nimepanga kurekodi. Simu haina mtandao, na sikuitoa mfukoni. Beshte yangu ambaye huwa hanyamazi hata msikitini alikaa amekunja mikono, anaangalia tu. Saa chache zile ndizo siku yangu ya bahari mpaka leo, na Pemba yenyewe, na uzuri wake wote, nilishaanza kuisahau.

Ninachotaka ni kitu kidogo sana. Jumapili moja moja, chombo kimoja salama kiondoke Likoni, kitoke nje ya mlango wa bahari, kizunguke saa tatu na kurudi, kwa bei ambayo kijana wa Bofu au Timbwani anaweza kuilipa. Bila muziki wa kupasua masikio, tafadhali. Jahazi za chakula cha jioni upande wa Tudor tunazijua, na bei zake tunazijua. Boti za wavuvi zipo hapahapa, zinakaa bure saa nyingi za mchana, na wenyewe wanaijua miamba kuliko ramani. Kinachokosekana ni jaketi za kuokolea za kutosha, leseni, na mtu wa kusema "twende" kwa sababu isiyokuwa harusi wala kampeni.

Mpaka hapo tutakapopata mtu huyo, jichangieni watu wanane. Msiende wakati wa kusi, Juni mpaka Agosti maji yanachafuka, ngojeeni kaskazi. Sikilizeni utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na nahodha akisema leo hapana, ni hapana. Hakuna jaketi, hakuna safari. Chukueni mahamri, mbaazi kwenye kontena, ndimu kwa wale wa matumbo mepesi. Mkishatoka nje, mwombeni azime injini robo saa. Iko siku mtanishukuru kwa hiyo robo saa.

Sisi tumeshapanga yetu. Kakangu mkataba wake unaisha mwezi wa pili, anarudi, na nimemwambia kuna nafasi yake kwenye boti. Amekubali kwa sharti moja: asimguse mtu yeyote sahani yake, na yeye asiguse ya mtu.