Usiniambie Ipo YouTube

Kila nikisema nakusanya hela za kumnunulia mama kifaa cha kurekodi televisheni, wenzangu wananicheka. "Kurekodi? Zama hizi? Si ipo YouTube?" Mara nyingi anayeuliza amejilaza kitandani hosteli, simu iko kwenye chaji na intaneti ni ya chuo. Nimeulizwa mara nyingi mno, kwa hiyo nalijibu hapa mara moja. Siku nyingine nitatuma kiungo.

Jibu fupi: haipo. Jibu refu linaanzia Kakonko.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko. Januari 2016 kambi ya Mtendeli ilifunguliwa wilayani kwetu kupokea wakimbizi kutoka Burundi, na miezi iliyofuata waandishi wa habari walipita sana. Mpiga picha mmoja alimkuta baba karibu na kisima cha shule, akamuuliza kuhusu maji, kuni, na watoto waliokuwa wanakuja kuchungulia darasani. Baba alizungumza kama dakika mbili hivi. Wakamwambia atatoka kesho yake kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Kesho yake tulikuwa na msiba Kasulu na nyumba nzima ilikuwa inaondoka. King'amuzi chetu kilikuwa na tundu la flashi, na rimoti ilikuwa na kitufe chenye duara jekundu. Kazi ya kutega kirekodi yenyewe nilipewa mimi, mwanafunzi wa sekondari, msomaji wa Kiingereza cha kwenye menyu. Baba alisema, "Rekodi mwanangu, nitajiona nikirudi."

Nikatega saa 02:00. Saa mbili ni saa mbili.

Tuliporudi, flashi ilikuwa na saa nzima ya muziki wa saa nane za usiku. King'amuzi kilifanya nilichokiambia: kilisubiri hadi watu wote wamelala, kikarekodi. Baba alicheka hadi akakaa chini. Akasema watarudia. Hawakurudia. Mwaka 2019 alifariki, na hajawahi kujiona kwenye televisheni.

Baadaye, nikiwa tayari nasoma shahada ya uzamili ya historia, niliandikia kituo kilichorusha ile habari. Nilitaja mwezi, mahali na jina la baba. Nilijibiwa kwa adabu kwamba picha za kipindi hicho hazipatikani, na nikashauriwa nijaribu kutafuta YouTube.

Sijaandika haya ili nipewe pole. Nimeyaandika kwa sababu baba yangu ni sehemu ndogo ya kilichopotea. Utafiti wangu unahusu jinsi wakimbizi wa Kigoma walivyosimuliwa kwa Watanzania. Kwa miaka ya 1990, watu walipokimbilia kwetu baada ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi kuuawa Oktoba 1993, ninayo magazeti. Yamechakaa, mengine yameliwa na mende, lakini yapo, na naweza kunukuu ukurasa. Kwa mwaka 2016, ambao mimi mwenyewe niliuishi na nilikuwa na macho, nina vipande vifupi ambavyo mtu fulani aliona vinafaa kupakiwa. Taarifa kamili ya jioni moja, kuanzia salamu ya mtangazaji hadi hali ya hewa, sijaipata hata moja. YouTube ina kile ambacho mwenye chaneli aliamua kukiweka na hajaamua bado kukifuta. Mtu anayeiita hiyo kumbukumbu ya taifa hajawahi kutafuta kitu cha mwezi fulani, siku fulani.

Mwaka huohuo, tarehe 27 Januari, Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, aliliambia Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Sababu iliyotajwa ilikuwa gharama, zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa mwaka. Waliotetea uamuzi huo waliongeza hoja nyingine: mchana wananchi wako kazini, kwa hiyo wataandaliwa kipindi kilichorekodiwa waangalie usiku. Tuligombana sana kuhusu uamuzi huo, na kwa haki. Lakini sikumbuki mtu aliyesimama kwenye ile hoja ya pili na kuuliza swali la kawaida kabisa. Kama tatizo ni kwamba mama yuko shambani mchana, kwa nini anayemrekodia awe mtu wa Dodoma? Kirekodi cha nyumbani kingempa mama kikao chote, pamoja na kelele zake. Anayerekodi kwa niaba yako ndiye anayekata.

Na kurekodi nyumbani hakukuanza leo. Wazazi wetu walikuwa na deki. Unaweka mkanda, unabonyeza, inarekodi, na deki haikuomba ruhusa kwa mtu. Huko Marekani, kampuni za filamu zilijaribu kuzuia jambo hilo. Universal na Disney waliishtaki Sony mwaka 1976 kwa sababu ya mashine yake ya Betamax, na Januari 1984 Mahakama Kuu ya huko, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikaamua kwamba mtu anayerekodi kipindi ili akiangalie baadaye hajavunja sheria. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 nayo inatambua nakala ya matumizi binafsi. Sizungumzii kuchoma nakala za kuuza, wala kuonyesha filamu za watu kwenye kibanda umiza. Nazungumzia mtu anayetaka kumuona mume wake.

Huko Philadelphia, Marion Stokes, ambaye aliwahi kuwa mkutubi, alirekodi televisheni usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30, hadi alipofariki Desemba 2012. Alimwachia mwanawe kanda zipatazo 70,000, na sasa ziko mikononi mwa Internet Archive. Mwezi huohuo, tarehe 31, Dar es Salaam ilizima mitambo ya analojia, na miji mingine ikafuata mwaka 2013. Tuliambiwa dijitali ni picha safi na chaneli nyingi, na ni kweli. Hatukuambiwa kwamba deki zetu zingegeuka viti vya kuwekea vitambaa, na kwamba haki ya kubaki na ulichokiona ingeanza kuuzwa upya, kipande kwa kipande.

Sasa twende dukani, maana wanaonicheka hawajawahi kwenda.

Vifaa viko vya aina tatu. Cha kwanza ni king'amuzi cha kulipia chenye diski ndani. Kinarekodi vizuri, HD safi, na kikiwa na vipokezi viwili unaweza kurekodi chaneli moja huku ukiangalia nyingine. Lakini kinachorekodiwa hufungwa kwa ufunguo wa king'amuzi hichohicho. Huwezi kukihamishia kwenye kompyuta, na king'amuzi kikiungua, kumbukumbu zako zimekwenda nacho. Unalipa kila mwezi kwa kabati ambalo ufunguo wake anao mwenye duka.

Cha pili ni kisanduku cha kunasa picha kutoka kwenye waya wa HDMI. Muuzaji atakwambia kinanasa chochote. Hatakwambia kwamba ving'amuzi vingi hufunga picha kwenye waya huo, na kwamba unaweza kufika nyumbani ukarekodi saa mbili za weusi.

Cha tatu ndicho nilichonunua: king'amuzi cha dishi kisicho na malipo ya mwezi, chenye tundu la USB na uwezo wa kurekodi. Hiki huhifadhi mawimbi ya chaneli za bure kama yalivyoruka, bila kuyapunguza ubora, na faili linafunguka kwenye kompyuta yoyote. Kasoro yake ni ya kawaida: kina kipokezi kimoja, kwa hiyo ukirekodi habari na mtoto akitaka katuni, kuna ugomvi.

Neno HD kwenye boksi lisikutie wazimu. King'amuzi cha HD hakigeuzi chaneli ya SD kuwa HD. Kama kituo kinarusha mistari 576, utarekodi mistari 576, hata boksi likiwa na stika ya dhahabu. Uliza kwanza chaneli unayoitaka inarushwaje, ndipo ulipie. Ikiwa kweli ni HD, fanya hesabu: mawimbi ya megabiti 8 kwa sekunde yanakula GB 3.6 kwa saa. Flashi ambayo haijabadilishwa mfumo kutoka FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo mkutano mrefu unakatwa vipande, au unaishia katikati ya sentensi. Hilo nililijulia kwa fundi wa Kakonko, aliyeitazama flashi yangu ya GB 64 ya Kariakoo na kusema, "Dada, hii kwanza si 64." Ilikuwa 8. Imepangwa tu iseme uongo.

Gharama zangu ni hizi. King'amuzi shilingi 75,000. Hadi diski ya nje ya TB 1, ile mafundi wanayoiita eksteno, shilingi 170,000. Inabeba zaidi ya saa 270 za HD. UPS ndogo shilingi 140,000, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kurekodi, faili huweza kubaki bila kufungwa vizuri na lisisomeke tena. Flashi ya uongo shilingi 15,000. Jumla 400,000. Nimezipata kwa kufundisha tuisheni, na kwa mtu wa Kakonko hizo ni hela nyingi. Sitajifanya ni ndogo.

Lakini wenzangu, hebu tupige na hesabu ya YouTube yenu. Bando nililokuwa nanunua nikiwa nyumbani lilikuwa GB 1 kwa shilingi 2,000. Saa moja ya video ya HD inakula GB moja na kuzidi. Mama akiangalia taarifa ya habari ya saa moja kila siku, mwisho wa mwezi amemaliza zaidi ya 60,000, na hana kitu mkononi. Akitaka kuiangalia tena, anailipia tena. Kwa miezi saba tu hela ya vifaa vyote imeshapita.

Kwa hiyo hasira yangu naigawa. Ninyi wasomi wenzangu mnabeba kidogo, kwa kudhani kila mtu anaishi ndani ya intaneti ya chuo. Kubwa nawapa wanaofunga rekodi kwa ufunguo na kuiita huduma. Vituo vyetu navyo nawapa sehemu yao: kama havina hela ya kutunza, viseme hivyo hadharani, ili wananchi wajue kwamba anayetunza ni wao. Na watengenezaji wa vifaa hivi, ambao wameweza kuandika menyu kwa lugha nyingi, hawajaweza kufikiri kwamba kuna mamilioni ya watu ambao siku yao inaanza jua likichomoza. Kwenye king'amuzi kipya nimekuta menyu ya Kiswahili. Nimefungua sehemu ya kutega. Imeandikwa "Muda wa kuanza", kwa Kiswahili safi, halafu chini yake 00:00.

Likizo iliyopita nilipanda basi nacho, zaidi ya kilomita elfu moja, nimekipakata kama mtoto. Nilimfundisha mama jioni moja. Hakupata shida na vitufe. Alipata shida palepale nilipoipata mimi, akaniangalia, na wote wawili tukanyamaza kidogo. Kisha akachukua chaki ya baba, maana zimebaki kwenye kopo hadi leo, akaandika ukutani nyuma ya televisheni: saa 1 usiku, 19, saa 2 usiku, 20, saa 3 usiku, 21.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Kulikuwa na habari ya barabara ya kwetu, akawaona watu anaowafahamu. Mmoja alikuwa amesimama nyuma ya anayehojiwa, anakula muwa. Mama alirekodi, akamwita mwenyewe aje ajione. Nilimuuliza kama amependa.

"Amerudia mara nne," mama alisema. "Sasa anataka kuja na wanawe."