Mfumo ukigoma, neno la siri lisigawiwe

Kumbukumbu za mkulima wa Ushetu hazikai tena kwenye daftari peke yake. Tangu msimu wa 2022/23, mbolea ya ruzuku huuzwa kwa mkulima aliyesajiliwa katika mfumo wa kidijitali, na vyama vya ushirika vina mfumo wao wa MUVU chini ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kwa hiyo karani wa chama cha tumbaku au pamba, awe Ulowa au Bulungwa, akishindwa kuingia kwenye mfumo, anayeumia ni mkulima.

Hatari kubwa huja pale karani anapoazima neno la siri la mwenzake "ili kazi iende". Siku hesabu zikipishana, haitajulikana nani aliandika nini. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini.

Chanzo cha tatizo chaweza kutafutwa kwa utaratibu. Ukurasa ukifunguka lakini neno la siri likakataliwa, iangaliwe kama kitufe cha herufi kubwa kimewashwa. Majaribio yasirudiwe ovyo, kwani mifumo mingi hufunga akaunti baada ya makosa machache.

Ukurasa usipofunguka kabisa, tarehe ya kompyuta itazamwe kwanza. Kompyuta iliyopoteza tarehe hushindwa kufungua tovuti zenye ulinzi. Kisha ijaribiwe intaneti ya simu. Ukurasa ukifunguka huko, kizuizi kimo katika mtandao wa ofisi, pengine kwenye ukuta wa ulinzi unaochuja mawasiliano. Ukuta huo usizimwe. Fundi aombwe kuuruhusu mfumo unaohitajika pekee. Usipofunguka popote, huenda seva yenyewe ndiyo yenye hitilafu, na hapo ni kuwapigia wahusika.

Viongozi wa vyama na mawakala wa pembejeo wana wajibu wa kujiandaa kabla ya msimu. Kila mtumishi awe na akaunti yake, namba ya msaada ibandikwe ukutani, na liwepo daftari la dharura, ambalo mkulima na karani watatia sahihi hadi mfumo urejee.

Wanachama nao wasiliachie jambo hili mafundi. Katika mkutano mkuu wana haki ya kuuliza kuhusu bei na makato, na wana haki ileile ya kuuliza ni nani anayeshika ufunguo wa kumbukumbu zao.